Varianti za bidhaa kwenye mfumo wa biashara: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya biashara (programu za kutunza mauzo, stoo na hesabu) kwenye maduka na karakana, zaidi Odoo, mara chache ERPNext. Wiki haipiti bila mtu kunipigia akiwa mbele ya skrini, kaambiwa ajaze varianti na hajui aanzie wapi, au kashazijaza na sasa mfumo unamwonyesha vitanda mia nne ambavyo hana. Maswali yanayojirudia nimeyakusanya hapa. Mifano mingi ni ya vitanda na magodoro kwa sababu ndiko ninakoshinda, lakini muuza viatu au sare za shule hatapotea. Bei zote ni za mfano.

Varianti ni nini, kwa lugha ya dukani?

Mteja anaingia: "Godoro lipo?" Unamjibu: "Lipo, la ngapi kwa ngapi?" Godoro aliloulizia ni bidhaa mama. Lile la tano kwa sita inchi nane litakalofungwa kamba juu ya guta ni varianti. Mama hashikiki wala habebeki. Kinachotoka stoo siku zote ni mtoto wake mmoja. Kipimo na unene ndizo sifa. "Tano kwa sita" na "inchi nane" ni thamani za sifa hizo.

Odoo imegawa mali kati ya mama na watoto. Jina, kodi, kundi la bidhaa, kipimo cha kuuzia (pisi, mita, kilo) na bei ya msingi vinakaa kwa mama. Gharama ya kununulia, bakodi, namba ya ndani, uzito na idadi iliyopo vinakaa kwa kila mtoto. Mgawanyo huu ukae kichwani, maana nusu ya majibu ya chini yanatokana nao.

Nitajuaje kitu kiwe varianti, kiwe bidhaa inayojitegemea, au kiwe maelezo tu kwenye oda?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine ni vibonyezo.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilifunga mfumo kwenye karakana moja ya vitanda pale Keko, Dar es Salaam. Mwenye karakana alinisomea kila anachomuuliza mteja: vipimo vinne, mbao za aina tatu, rangi tano za vanishi, na droo au bila droo, mitindo minne ya ubao wa kichwani. Nikaviandika vyote kama sifa, kwa bidii ya mtu mgeni. 4 × 3 × 5 × 2 × 4 ni 480. Nikamwonyesha kwa fahari: bosi, vitanda vyako vyote hivi hapa. Stoo siku ile ilikuwa na vitanda 11, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimepakwa vanishi. Alikaa na mfumo wiki moja, akarudi kwenye daftari lake. Simlaumu.

Tangu hapo nauliza jambo moja. Siku ya kuhesabu mali, ukiingia stoo na kalamu, kitu hiki utakiandikia mstari wake? Kitanda cha mninga cha tano kwa sita utakiandika mbali na cha mkongo cha nne kwa sita, hakuna ubishi. Basi kipimo na mbao ni sifa za varianti. Vanishi? Vitanda vinakaa vibichi hadi mteja achague, kwa hiyo huwezi kuhesabu "mninga, tano kwa sita, vanishi ya chai". Kitu hicho hakipo stoo. Kipo kwenye mazungumzo na mteja, na hapo ndipo kiandikwe: kwenye oda.

Mtindo wa ubao wa kichwani ulikuwa hivyo hivyo. Mbao ni zile zile, kinachobadilika ni mkono wa fundi. Droo ndizo zilizotusumbua, kwa sababu zinakula mbao nyingine, reli na vishikio, na bei inaruka. Mwishowe tuliandika bidhaa mama mbili, Kitanda na Kitanda cha droo, kila moja na watoto 12. Jumla 24, na kila mmoja ana mahali pake pa kuegemea ukutani.

Kwa hiyo usiogope kuwa na bidhaa mama mbili zinazofanana. Watu wengi wanadhani ustadi ni kuvisonga vitu vyote chini ya mama mmoja. Vitu viwili vyenye malighafi tofauti, bei zisizofuatana na fundi tofauti ni bidhaa mbili, hata kama mteja anaviita kwa jina moja.

Sawa, nianze kubonyeza wapi?

Ingia kwenye moduli ya Mauzo au ya Stoo, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya bidhaa, weka tiki kwenye Variants, hifadhi. Menyu ya sifa itajitokeza. Tengeneza sifa yako, ipe jina, chagua itakavyoonekana kwa mteja (duara za kuchagua, vidonge, orodha ya kushuka, au rangi zenyewe), kisha orodhesha thamani. Baada ya hapo fungua bidhaa, nenda kichupo cha sifa na varianti, ongeza sifa, chagua thamani zinazoihusu bidhaa hiyo tu. Ukihifadhi, juu ya ukurasa utaona kitufe kinachotaja idadi ya varianti.

Itazame idadi hiyo kabla hujafanya lolote. Ikikushtua, rudi nyuma sasa hivi, kabla hujauza.

Ukijifunza kwa video, angalia ni za toleo gani. Mfumo huu ulianza Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, ukaitwa OpenERP, na jina la Odoo limekuja 2014. Video yoyote inayosema OpenERP ipite tu, skrini zake huzioni tena.

Sifa inaniuliza jinsi ya kuunda varianti, na ina chaguo tatu. Nichague ipi?

Mfumo ukiwa kwa Kiingereza zinasomeka Instantly, Dynamically na Never.

Ya kwanza inaunda watoto wote papo hapo unapohifadhi. Ni ya vitu unavyoweka stoo: viatu, magodoro, sare, simu.

Ya pili haiundi mtoto hadi mchanganyiko wake utajwe kwenye oda kwa mara ya kwanza. Ni ya vitu vya kutengeneza kwa oda ambavyo chaguo la mteja linabadilisha malighafi. Sofa ni mfano wake. Vitambaa viko arobaini kwenye kitabu cha sampuli, mwaka mzima utauza labda kumi na vitano, lakini kile kitakachouzwa lazima ukijue kwa sababu mita zake zinatoka kwenye jora fulani la kitambaa. Jihadhari na jambo moja: bidhaa ikiwa na hata sifa moja tu ya aina hii, watoto wake wote wanasubiri oda, hata kama sifa nyingine ni za papo hapo.

Ya tatu haiundi varianti kabisa. Mteja anachagua, chaguo linaandikwa kwenye mstari wa oda, bei inaweza kuongezeka, lakini stoo haijui lolote. Vanishi ya Keko iko hapa.

Chagua kwa utulivu, kwa sababu sifa ikishatumika kwenye bidhaa, Odoo haikuruhusu kubadilisha chaguo hili. Utalazimika kuiondoa sifa kwenye bidhaa zote au kutengeneza sifa mpya. Nimewahi kulala ofisini kwa ajili ya hilo.

Mfumo umekataa kuhifadhi, unasema idadi ya varianti imezidi kikomo.

Kikomo cha kawaida ni 1,000 kwa bidhaa mama moja. Sofa ya mipangilio 5, vitambaa 40, miguu ya aina 3 na sponji za aina 2 inafika 1,200, inagonga mwamba. Kikomo kinaweza kupandishwa kwenye vigezo vya mfumo, na vijana wengi wa kompyuta watakupandishia ukiomba. Usiombe. Hamisha kitambaa kiwe cha kuundwa oda inapokuja, na miguu iwe chaguo lisilounda varianti.

Bei za varianti zinapangwaje? Nikiweka nyongeza kwa kipimo na nyongeza kwa unene, bei hazifanani na za dukani.

Hazitafanana, na kosa si lako. Nyongeza ya bei kwenye Odoo ni kujumlisha tu. Bei ya mtoto ni bei ya msingi, plasi nyongeza ya thamani ya kwanza, plasi nyongeza ya thamani ya pili. Godoro halifuati hesabu hiyo.

Chukua sponji yenyewe. Kutoka inchi 6 kwenda inchi 8 ni kuongeza inchi mbili, yaani sehemu ya sita ya futi. Kwenye godoro la tatu kwa sita, eneo ni futi za mraba 18, kwa hiyo umeongeza futi za ujazo 3 za sponji. Kwenye la sita kwa sita eneo ni 36, umeongeza futi za ujazo 6. Nyongeza ya unene kwenye godoro kubwa ni mara mbili ya ile ya godoro dogo. Ukiweka shilingi 40,000 kwa "inchi 8", ama unampunja mwenye godoro dogo ama unajipunja kwenye kubwa. Mwenye duka anajua jambo hili bila kikokotoo, ndiyo maana kibao chake cha bei kimeandikwa kwa mstari wa kila godoro.

Njia ni tatu. Unaweza kutumia orodha ya bei na kuweka kanuni ya kila varianti: vipimo 4 kwa unene wa aina 3 ni mistari 12, unaipakia kwa Excel, imeisha. Unaweza kuunganisha kipimo na unene kuwa sifa moja yenye thamani kama "5x6 inchi 8", kila moja na nyongeza yake. Inafanya kazi, ila mteja wa mtandaoni atapewa orodha ndefu ya kushuka. Au unaweza kufanya ninavyofanya mimi mara nyingi: bidhaa mama tatu, Godoro inchi 6, Godoro inchi 8, Godoro inchi 10, kila moja na sifa ya kipimo peke yake. Nyongeza zinakubali, na wauzaji wanalitafuta godoro kwa unene kwanza, kama wanavyolitaja mdomoni.

Nyongeza yenyewe unaijaza kwenye bidhaa, kitufe cha kusanidi kilicho mwisho wa mstari wa sifa. Wengi hawakioni.

Nimebadilisha bei ya varianti moja, na zote zimebadilika!

Umegusa bei ya mama kupitia kwa mtoto. Bei ya msingi ni moja, haina nakala kwa kila varianti. Ukifungua varianti na kuandika bei mpya, mfumo unatoa nyongeza zake, unapata bei mpya ya msingi, unaiandika kwa mama, na ndugu zake wote wanafuata. Rudisha bei ya awali, kisha tumia nyongeza au orodha ya bei. Gharama ya kununulia haina tatizo hili, kila mtoto anayo yake.

Kuna michanganyiko hatuitengenezi. Nitaizuiaje?

Kwenye skrini ile ile ya nyongeza kuna safu ya kutenga. Tuseme hampaki rangi nyeupe kitanda cha mkongo (na mna haki, ni dhambi kuificha mbao ile). Fungua thamani "nyeupe", itenge na "mkongo". Mteja hataweza kuvichagua pamoja, na varianti za mchanganyiko huo haziundwi.

Zuia yale yasiyowezekana kwa mbao au kwa fundi. Yale ambayo hayauziki tu yaache. Nimeona duka lililotenga saizi 45 kwenye viatu vyeusi kwa kuwa haikuwahi kuulizwa, na muuzaji akamrudisha mteja aliyeiulizia huku jozi mbili ziko stoo.

Orodha ya malighafi: je, niandike moja kwa kila varianti?

Hapana, utazeeka. Andika orodha moja ya mama, na kwenye kila mstari wa malighafi kuna safu inayouliza mstari huo ni wa varianti zipi. Mfumo ukiwa kwa Kiingereza inaitwa Apply on Variants. Safu ikiwa tupu, malighafi hiyo inaingia kwenye vitanda vyote.

Kwa hiyo gundi, misumari na msasa viache bila kutajwa kitu. Mbao ya mninga ya mbili kwa sita, vipande vinne, iandikie "mninga" na "5x6". Mstari unaofuata, mbao ile ile vipande vitano, "mninga" na "6x6". Chaga nazo ziandikie kipimo peke yake, kama mnatumia paini kwa vitanda vyote.

Mfumo unasoma hivi: thamani mbili za sifa moja kwenye mstari mmoja zina maana ya "mojawapo", na thamani za sifa mbili tofauti zina maana ya "zote mbili". Ukiandika 3x6, 4x6 na mninga, umesema kitanda cha mninga, kiwe cha tatu kwa sita au cha nne kwa sita. Ukilielewa hilo hutapata tena kitanda cha paini kilichotozwa mninga, kosa ambalo huwezi kuliona hadi mwisho wa mwezi mhasibu aulize faida imekwenda wapi.

Hatua za kazi, kama kuranda na kupaka, nazo zina safu hiyo hiyo.

Sifa inayobadilisha malighafi iache iwe ya kuunda varianti, ama papo hapo ama kwa oda. Ukiifanya isiyounda, fundi anaweza kupata oda ya kitanda bila kujua akate mbao gani.

Nimeongeza sifa mpya kwenye bidhaa ya zamani, na mzigo wote umepotea.

Vuta pumzi. Haujapotea, umejificha.

Kilichotokea ni hiki. Ulikuwa na Godoro la 5x6, lina mzigo wa pisi 30. Ukaongeza sifa ya kitambaa cha juu yenye thamani mbili, "maua" na "wazi", ukahifadhi. Kwa mfumo, lile godoro la zamani lisilo na kitambaa halilingani tena na mchanganyiko wowote. Kwa kuwa lilishauzwa na lina kumbukumbu, mfumo haukulifuta, ulilipeleka kwenye kumbukumbu za zamani, ukaunda watoto wawili wapya wenye sifuri. Pisi 30 ziko kwa yule aliyefichwa.

Kama hujauza hao wapya, iondoe sifa uliyoongeza, hifadhi, na yule wa zamani anarudi na mzigo wake. Kisha fanya hivi: ongeza sifa ikiwa na thamani moja tu, ile ya mzigo ulionao, tuseme "maua". Hifadhi. Sifa yenye thamani moja inabandikwa kwa watoto waliopo bila kuunda wengine. Sasa rudi uongeze thamani ya pili, "wazi". Wa zamani anabaki na pisi zake 30, na mpya anazaliwa pembeni yake.

Kama umeshauza wapya, itabidi urekebishe mzigo kwa mkono: toa kwa wa zamani, ingiza kwa mpya, na umwambie mhasibu kabla hajakuuliza.

Rangi zangu zimejaa marudio: Nyeusi, nyeusi, Black, Blak. Nifanyeje?

Sifa ni za mfumo mzima, si za bidhaa moja. Ukibadilisha jina la thamani kwenye kiatu, linabadilika na kwenye begi. Kwa hiyo mpe mtu mmoja mamlaka ya kuongeza thamani, wengine waombe kwake. Kaeni mkubaliane na majina kabla ya kuanza. Duka moja la sare nililofunga lilikuwa na damu ya mzee, maruni na "nyekundu iliyoiva", na vyote vilikuwa sweta zile zile za shule moja. Tulichagua damu ya mzee, kwa sababu ndiyo wazazi wanayoitaja mlangoni.

Ziepuke pia sifa zenye jina pana kama "Saizi". Saizi ya kiatu, saizi ya shati na kipimo cha kitanda viwe sifa tatu. La sivyo siku moja utampa mtu chaguo la shati namba 42, 6x6 au XL.

Nauza kanga. Jina la kanga liwe sifa?

Hapana, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Sifa inafaa kwa thamani chache zinazorudi: saizi zilezile, mbao zilezile. Majina ya kanga hayaishi. Mzigo unashuka na maandishi mapya, unauzwa, na toleo lile linaweza lisirudi tena dukani kwako. Baada ya mwaka utakuwa na sifa yenye mamia ya thamani, nyingi zimekufa, na kila anayefungua bidhaa atasubiri skrini ipakie.

Fanya kila toleo liwe bidhaa mama, maandishi yake ndiyo jina, na rangi iwe sifa, maana toleo moja hushuka na rangi tatu au nne. Kipimo cha kuuzia kiwe doti. Toleo likiisha, lipeleke kwenye kumbukumbu na picha yake. Mteja akija na kipande cha kanga ya shangazi yake kutafuta inayofanana, utakuwa na pa kuangalia.

Kreti, katoni, robota: hizo nazo ni varianti?

Hapana. Kreti ya soda ni chupa 24 za soda ile ile. Hicho ni kipimo au kifungashio. Ukiifanya varianti, ukifungua kreti mfumo hautajua chupa zimetoka wapi. Pakiti ya unga ya kilo 2 iliyofungwa kiwandani yenye bakodi yake ni jambo jingine, hiyo ni varianti, au bidhaa yake.

IMEI ya simu ni namba ya pekee, inaenda kwenye ufuatiliaji wa namba. Ukubwa wa kumbukumbu na rangi ya simu ndizo varianti. Tarehe ya kuisha muda ni ya bechi. Mitumba ikishafunguliwa robota kila shati ni la peke yake, usijisumbue nayo.

Bakodi moja inatosha kwa bidhaa nzima?

Kila varianti inayouzwa peke yake inahitaji yake, na hiyo ndiyo kanuni ya GS1 (shirika la kimataifa la namba za bakodi) pia: saizi tofauti au rangi tofauti, namba tofauti. Bakodi za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616, na ile ya kawaida ina tarakimu 13. Kama huuzi nje ya duka lako, unaweza kujitengenezea za ndani na kuzichapisha mwenyewe. Kwenye kaunta, keshia akipiga bakodi ya varianti haulizwi kitu, inaingia moja kwa moja. Foleni ya Jumamosi itakushukuru.

Nina bidhaa 900 kwenye Excel. Nizipandishe vipi?

Kwa awamu mbili. Kwanza pakia bidhaa mama pamoja na sifa zake, mfumo uwaunde watoto. Kisha nenda kwenye orodha ya varianti, ipakue ikiwa na kitambulisho cha nje cha kila mstari, jaza bakodi, namba ya ndani na gharama, uipandishe tena. Usifute safu ya kitambulisho, ndiyo inayomwambia mfumo mstari huu ni wa nani. Mzigo wa kuanzia ingiza mwisho, kwa hesabu ya stoo, varianti kwa varianti.

Jaribu na bidhaa tano kwanza. Kila mtu anaruka ushauri huu, na kila mtu anaurudia baadaye.

Mteja anataka jina lake lichongwe kwenye kitanda. Hilo nalo ni thamani?

Tengeneza sifa ya "Maandishi ya kuchonga" isiyounda varianti, weka thamani ya "bila" na nyingine "yapo", na hiyo ya pili uitie alama ya kuruhusu maandishi ya mteja. Muuzaji atapata kisanduku cha kuandika, na maandishi yatatokea kwenye mstari wa oda. Yasome kwa sauti mbele ya mteja kabla ya kuthibitisha. Herufi ikishachongwa kwenye mninga hairekebishiki.

Natumia ERPNext. Haya yote yananihusu?

Lile jaribio la kuhesabu mali kwa kalamu ndiyo, vibonyezo hapana. Kule unatia tiki kwamba bidhaa ina varianti, na kuanzia hapo mama hauzwi, hanunuliwi, wala hawezi kuwa na mzigo. Kama tayari ana mzigo, mfumo utakukatalia. Kila varianti ni bidhaa kamili yenye bei yake, kwa hiyo lile tatizo la kujumlisha nyongeza za godoro halipo. Sifa za namba unazipa mwanzo, mwisho na hatua, tuseme kutoka inchi 4 hadi 12 kwa kuruka mbilimbili. Kila thamani isiyo ya namba ina kifupisho, na kifupisho ndicho kinachounda namba ya bidhaa, basi kiandike kifupi na kisifanane na kingine. Varianti isiyo na orodha yake ya malighafi inatumia ya mama.

Jambo la kuangalia ni mipangilio inayosema mama akibadilishwa, ni sehemu zipi zinanakiliwa kwa watoto. Ipitie kabla ya kuanza kuhariri maelezo ya varianti moja moja, usije ukakuta asubuhi yamefutwa.

Nimekosea tangu mwanzo na nimeshauza miezi sita. Nifute nianze upya?

Usifute. Varianti iliyowahi kuuzwa haifutiki hata ukitaka, inafichwa tu, na hesabu za nyuma zinaitegemea. Tengeneza bidhaa mama mpya iliyopangwa vizuri, chagua Jumapili moja ya kuhesabu mali, ingiza mzigo kwa mpya na sifuri kwa ya zamani, kisha ifiche ya zamani Jumapili hiyo hiyo jioni. Ukiiacha wazi hadi Jumatatu, kuna keshia atakayeiuza.